SOMO LA ROBO HII: BUNDUKI NYUMBANI NA SHAMBANI
Kibali pekee hakitoshi

Neno la msingi: Kumbukumbu la Torati 22:8



Katika matoleo mengi ya jarida letu tumejifunza juu ya ngoro, kahawa, maji safi, vikundi vya kuweka na kukopa, na malezi ya yatima. Safari hii tumechagua somo ambalo watu hulizungumza kwa sauti ya chini: bunduki iliyomo ndani ya nyumba ya mkulima, mfugaji au mwindaji mwenye kibali, na jinsi ya kuishi nayo bila kumwaga damu.

Tumelichagua kwa sababu silaha hizo zipo. Katika vijiji vya Umatengo, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, wapo watu waliopewa vibali kwa kulinda mali, kwa uwindaji au kwa kulenga shabaha. Wapo pia walioachiwa gobole na babu. Mahindi yanapoanza kubeba, nyani, tumbili na nguruwe pori hawangoji kikao cha kijiji, na mwenye bunduki huitwa na majirani. Ndipo ajali inapopata nafasi.

Lengo la somo ni moja: kila msomaji ajue kwamba bunduki ni tupu pale tu inapofunguliwa na kuonekana kwa macho kuwa ni tupu. Kumbukumbu ya mtu haitoshi, wala neno lake. Mambo mengine yote tutakayosema yanatoka hapo.

1. KWA NINI KIBALI PEKEE HAKITOSHI

Kibali ni ruhusa ya serikali. Hakiufundishi mkono. Mtu anaweza kuwa na karatasi zote na bado asijue kwamba risasi imebaki ndani ya chemba baada ya kuchomoa magazini.

Baadhi yetu tuliwahi kushika bunduki katika mafunzo ya mgambo. Mafunzo hayo ni mazuri, lakini mtu aliyelenga shabaha siku chache miaka 20 iliyopita, akiwa chini ya amri ya mwalimu, hawezi kusema anaijua bunduki anayoishika peke yake usiku shambani. Uwanjani mwalimu ndiye aliyesema lini ujaze, lini ufyatue, lini ufungue na kuonyesha. Shambani hakuna wa kusema. Ni lazima amri zile ziwe zimeingia ndani ya mtu mwenyewe.

Kwa hiyo, mwenye kibali aombe mafunzo kwa Polisi wa wilaya yake na kuyarudia. Asione aibu, kwani hata dereva mzoefu hukumbushwa alama za barabarani.

2. KANUNI NNE

Duniani kote wakufunzi wa silaha hufundisha kanuni nne zinazofanana. Aliyezieneza sana katika karne iliyopita ni Mmarekani Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa jeshi la Marekani. Tunazieleza kwa maneno yetu:

(a) Kila bunduki ihesabike kuwa imejazwa, hata kama mwenzako amekuambia haina kitu.

(b) Mtutu usielekee kamwe kwa kitu ambacho hutaki kukiharibu. Hii ni pamoja na mguu wako, mbwa wako na ukuta wa chumba walimolala watoto.

(c) Kidole kikae nje ya triga mpaka umekwisha kulenga na kuamua kufyatua.

(d) Ijue shabaha yako, na ujue kilicho mbele yake na nyuma yake.

Tazama jinsi kanuni hizi zinavyosaidiana. Ukisahau ya kwanza lakini ukashika ya pili, risasi itaingia ardhini na hakuna atakayekufa. Ili mtu auawe kwa ajali, kwa kawaida zaidi ya kanuni moja huwa imevunjwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunasisitiza zote nne, maana binadamu husahau.

3. KUIKAGUA BUNDUKI

Kila unapoichukua, kila unapoipokea na kila unapoiweka, fuata hatua hizi kwa mpangilio:

Kwanza, elekeza mtutu mahali salama, na kidole kiwe nje ya triga.
Pili, ondoa magazini kama inayo.
Tatu, fungua bunduki. Ya marisaa, ambayo wengi huiita shotigani, aghalabu huvunjwa katikati. Raifo huvutwa komeo nyuma.
Nne, tazama ndani ya chemba, kisha gusa kwa kidole. Usiku gizani kidole huona kuliko jicho.
Tano, mpe mwenzako ikiwa wazi hivyo hivyo. Naye atazame, hata kama amekuona ukitazama.

Mpangilio una maana yake. Anayefungua kwanza na kutoa magazini baadaye anaweza kuingiza risasi nyingine ndani ya chemba bila kujua, kisha akaamini kwamba ameimaliza.

Ukifyatua na bunduki isilie, usiigeuze kuitazama. Endelea kuuelekeza mtutu mahali salama, hesabu polepole hadi 60, ndipo uifungue. Risasi iliyochelewa inaweza kulipuka sekunde kadhaa baadaye.

Aidha, linda masikio. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na mlio mmoja tu unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Anayefanya mazoezi ya shabaha avae viziba masikio na miwani ya kukinga macho.

4. MILIMANI NA UFUKWENI

Kanuni ya nne ina uzito wa pekee katika mazingira yetu.

Umatengo ni nchi ya miinuko. Mashamba ya ngoro yako kwenye miteremko mikali, nyumba ziko ng'ambo ya bonde, na njia ya watoto kwenda shule hupita kati. Nyani akisimama juu ya ukingo wa kilima huonekana vizuri sana, naye ndiye hatari kubwa kumfyatulia, kwa sababu nyuma yake kuna anga tu. Risasi ya raifo ya kuwindia wanyama wakubwa inaweza kwenda zaidi ya kilometa 3. Hata ile ndogo ya .22, ambayo wengine huiona kama ya kuchezea, hupita kilometa 1. Marisaa madogo huishia mita mia chache, lakini mita mia chache Umatengo ni nyumba ya jirani.

Kwa hiyo fyatua tu pale ambapo nyuma ya shabaha kuna udongo wa mlima unaoweza kumeza risasi. Ukiona anga nyuma yake, acha. Pia usifyatue hewani kwa kutisha wanyama au kwa furaha ya harusi, kwani risasi iliyopanda lazima ishuke, na hujui itashukia bati la nani.

Ufukweni hatari ni nyingine. Maji na mawe hurudisha risasi. Anayemlenga mamba mdomoni mwa Mto Ruhuhu, au kiboko karibu na miamba kama Pomonda pale Liuli, hawezi kujua risasi itaruka upande gani baada ya kugonga maji au jiwe. Usiku wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, na mtumbwi usio na taa hauonekani kabisa. Maji si kizuizi cha risasi.

Vile vile, usifyatue kwenye majani yanayotikisika. Mwindaji huona anachotarajia kuona. Akitarajia nguruwe, ataona nguruwe, kumbe ni mama anayetafuta kuni au mwenzake aliyetoka kwenye dungu kujisaidia. Mnapokwenda kulinda kwa kundi, kila mtu ajulikane amekaa wapi, na asiondoke bila kusema. Kama hujamwona mnyama mzima kwa macho, usifyatue.

Kabla ya kuvuka kijito, kupanda mteremko wenye utelezi, kuingia kwenye mtumbwi au kupanda bodaboda, ondoa risasi. Bunduki inaanguka pamoja na mwenye nayo.

Tena ulanzi na komoni visikutane na bunduki. Aliyekunywa, hata kidogo, aache silaha kwenye sanduku lake hadi kesho.

5. KUITUNZA NYUMBANI

Tunapouliza bunduki hukaa wapi, majibu mara nyingi ni haya: uvunguni, darini, nyuma ya mlango, ndani ya kihenge. Mahali pote hapo watoto wanapajua kuliko baba. Mtoto aliyekatazwa kugusa kitu hungoja tu wazazi waende shambani.

Utunzaji mzuri ni huu:
– Bunduki ikae tupu ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli imara, lililofungwa ukutani au sakafuni kwa bolti.
– Risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye kufuli lake, mahali pengine.
– Funguo zikae kwa mwenye kibali peke yake, si juu ya mlango wala mfukoni mwa koti linaloning'inia.
– Watoto wafundishwe mambo manne: ukiona bunduki simama, usiguse, ondoka, mwambie mtu mzima.

Kibali ni cha mtu mmoja. Usimwazime mtoto wako, shemeji yako wala mlinzi wa shamba.

Lipo jambo zito ambalo lazima tuliseme. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba bunduki ikiwa ndani ya nyumba, hatari ya mtu wa nyumba hiyo kujiua huongezeka. Mwenye huzuni kubwa au deni linalomlemea aweza kupita saa ile mbaya akaishi, kama chombo hakipo karibu. Basi kukiwa na ugomvi wa ndoa, msongo wa mawazo au ulevi ndani ya nyumba, bunduki itoke kwanza. Zungumzeni na Polisi juu ya kuihifadhi kituoni. Akina mama, mnayo haki ya kulidai jambo hili, na wazee wa usharika wawasaidie kulisema.

6. JUU YA GOBOLE

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini.

Gobole hujazwa kwa mbele: baruti, kisha goroli au vipande vya chuma, vikishindiliwa kwa mdeki. Mtutu wake hauna mlango wa nyuma. Maana yake ni kwamba yale tuliyoyafundisha katika sehemu ya tatu hayafanyiki. Huwezi kulifungua, huwezi kutazama chemba, huwezi kugusa kwa kidole. Kulipima kwa mdeki ni kuweka mkono mbele ya mtutu. Na kwa kuwa kuliondolea baruti ni kazi ngumu, wengi huliacha limejazwa mwezi mzima, limeegemea ukuta, likingoja nyani au mtoto.

Mengi hutengenezwa mafichoni kwa mabomba ambayo hayakukusudiwa kustahimili mlipuko. Bomba likipasuka, anayeumia ni aliyelishika, usoni na mkononi. Baruti nayo hutunzwa jikoni ili isipate unyevu, yaani jirani na moto.

Tunajua gobole lina historia katika nchi yetu, na kwamba kwa mzee wa Kimatengo au wa Kinyasa laweza kuwa ukumbusho wa baba yake. Hatulidharau jambo hilo. Lakini silaha isiyoweza kuonekana kuwa ni tupu haiwezi kutunzwa salama katika nyumba yenye watoto. Na kutengeneza au kumiliki silaha bila kibali ni kosa kubwa kisheria.

Serikali imewahi kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha wanazomiliki kinyume cha sheria, kikiwemo kile cha Septemba na Oktoba 2023. Kipindi cha namna hiyo kikitangazwa tena, kitumieni. Nje ya kipindi hicho hakuna ahadi ya kutoshtakiwa, lakini njia ya busara ni kumwendea mtendaji wa kijiji au kiongozi wa dini mnayemwamini, awatangulie kwa Polisi. Usilibebe gobole lililojazwa kwenda nalo kituoni, wala usilifyatue ili kulimaliza. Toa taarifa kwanza, waje wanaojua.

7. SHERIA KWA UFUPI

Silaha za raia zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa na kupanda kupitia kamati za ulinzi na usalama, hadi kwa Msajili wa Silaha katika Jeshi la Polisi. Mwombaji anatakiwa awe mtu mwenye akili timamu, asiye mtu wa vurugu wala mtumwa wa vilevi. Mwaka 2016 Polisi waliendesha uhakiki wa silaha za raia nchi nzima. Kwa hiyo weka nyaraka zako mahali pamoja, na lipia kibali kwa wakati.

Kibali cha bunduki si kibali cha kuwinda. Wanyamapori wako chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na anayetaka kuwinda anahitaji leseni yake. Wanyama waharibifu waripotiwe kwa ofisa wanyamapori, hasa kwa vijiji vilivyo karibu na Pori la Akiba Liparamba. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa madhara ya wanyama wakali, na taarifa iliyochelewa humnyima mkulima nafasi hiyo.

Bunduki ikipotea au ikiibwa, toa taarifa Polisi mara moja.

Mwenye bunduki akifariki, bunduki hairithiwi kama shamba la kahawa. Siku za matanga nyumba hujaa watu, kila chumba kinafunguliwa, na funguo hazina mwenyewe. Wazee wa ukoo wasingoje kikao cha mirathi. Watoe taarifa Polisi mapema, silaha ikahifadhiwe. Ni vema mwenye bunduki amweleze mkewe akiwa hai: sanduku liko hapa, nyaraka ziko hapa, nikifa mwite fulani. Tusimwachie mjane chombo asichokijua.

8. AJALI IKITOKEA

Kwanza, bunduki iondolewe mikononi na iwekwe salama. Kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kanga au kitambaa safi, na usiachie kutazama tazama. Usichokonoe risasi. Usimpe majeruhi chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji upasuaji. Mfunike apate joto, na mkimbizeni hospitali iliyo karibu, iwe Mbinga, Litembo au Liuli. Piga simu Polisi, namba 112. Msimfiche majeruhi nyumbani kwa kuogopa fomu ya PF3. Fomu inaweza kufuata baadaye, lakini damu iliyomwagika hairudi.

9. JE, BUNDUKI NI LAZIMA?

Kabla ya kuomba kibali, kijiji kijiulize kama kimejaribu njia nyingine. Zamu ya kulinda inayowahusisha wote, mbwa, madebe, na kusafisha vichaka kando ya shamba hupunguza nyani na nguruwe. Penye tembo, kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili, na mizinga ya nyuki kuzunguka shamba, vimetumika katika sehemu mbalimbali za nchi yetu. Mizinga huleta asali pia. Mtu mmoja mwenye bunduki hawezi kulinda bonde zima, ila watu 20 wenye zamu wanaweza.

10. HITIMISHO

Ng'ambo ya mpaka wetu, ndugu zetu wa Msumbiji walitoka katika vita vya miaka 16 vilivyokwisha mwaka 1992, na silaha zikabaki mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kuwapa watu majembe, cherehani na baiskeli badala ya bunduki. Silaha zilikatwa, na wasanii wakaunda sanamu na viti kwa vipande vyake. Kiti kimoja, kilichoundwa mwaka 2001, kipo leo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Nabii Isaya aliona siku kama hiyo zamani sana.

Mwenye kibali halali hatumwambii aivunje bunduki yake. Tunamwelekeza kwenye neno letu la msingi. Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Nyumba haikukatazwa, wala kupanda darini hakukukatazwa. Kilichodaiwa ni ukingo. Sanduku lenye kufuli, jicho linalotazama chemba, na kidole kilicho nje ya triga ndio ukingo wa nyumba yenye bunduki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, bunduki hutunzwa wapi? Watoto wanajua?
2. Tukisimama kwenye shamba letu, ni upande gani risasi inaweza kumezwa na udongo, na upande gani kuna nyumba, njia au ziwa?
3. Mwenye bunduki akifariki leo, nani atatoa taarifa Polisi, na ndani ya muda gani?
4. Kwa nini gobole haliwezi kukaguliwa kama bunduki nyingine? Tutamsaidiaje jirani anayetaka kulisalimisha?
5. Ni njia gani ya kulinda mazao tunaweza kuianza msimu huu bila bunduki?

Mungu awabariki.